Texas Iko Ng'ambo ya Mto

"Oda ya Pruett! Mbavu na kabichi! Pruett yuko wapi jamani?"

Ijumaa jioni, mkahawa ule wa nyama ya moshi hapa Tulsa, jimbo la Oklahoma, haupitiki. Janelle Harjo, aproni nyeusi imejaa mchuzi, nywele kazibana kwa kalamu nyekundu, aliunyanyua mfuko juu ya vichwa vya watu. Akajitokeza kijana mrefu, kofia kaivuta mpaka puani, begi la kusambazia vyakula mgongoni.

"Ebo! Si wewe mwalimu wa historia?"

"Na wewe si wa kemia, chumba cha mwisho?" Clint Pruett akaivua kofia. "Nilidhani jioni unasahihisha mitihani."

"Nami nilidhani unasoma vitabu, kumbe unasambaza vyakula! Chukua mbavu zako, bwana mkubwa, zinapoa."

Ndivyo ilivyoanza. Walimu wa sekondari moja, kila mmoja na kazi ya pili aliyoificha, wakapendana kwenye maegesho nyuma ya mkahawa, baina ya oda na oda. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, husema watu. Wee! Hawa waligaagaa mchana na jioni, na wali ulibaki mkavu vilevile.

Lakini walicheka. "Mrembo wangu anayenuka moshi, hujambo?" Clint alizoea kusema simuni.

"Sijambo, dereva wangu. Leta petroli uje unichukue."

Februari, mama mmoja aliyekuja kula mkahawani alimshika Janelle mkono. "Mwalimu, mwanangu alifanya mtihani wako kabla ya Krismasi. Mpaka leo hujausahihisha. Kumbe uko huku?"

Mama alisema kweli, na ukweli ule ulimchoma Janelle. Alikuwa mwalimu hodari. Sasa alifundisha amelala, macho wazi.

Jioni hiyohiyo Clint akimrudisha nyumbani, simu ikaita, sauti ikajaa garini: "Mwalimu Pruett? Hongera! Shule yetu hapa Dallas inakusubiri Agosti."

Clint akaikata. Alikuwa amechelewa.

"Unavuka mto?" Janelle aliuliza. Huku kwetu, mwalimu akivuka Mto Mwekundu kuingia Texas ndiyo basi, harudi. Kule mishahara imenona. Kila anayevuka, wanafunzi wake wanasukumiwa waliobaki.

"Mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Simamisha gari."

Janelle akashuka. Clint alipiga simu siku kadhaa, mpaka Janelle akachoka kuikata, akapokea.

"Nilikuombea kazi na wewe!" Clint alisema haraka. "Nafasi mbili, yangu na yako. Nilitaka iwe zawadi."

"Uliniuliza?"

Clint akaanza kumtajia mshahara.

"Clint, uliniuliza? Mababu zangu Wamuskogi, Wamarekani asilia, walitolewa kwao wakaletwa huku kwa mtutu wa bunduki. Mimi hanihamishi mtu tena, hata anayenipenda."

"Kwa hiyo tukae hapa tufe njaa?"

"Tugome! Aproni nimeshairudisha. Nimekaa na mitihani ya watoto wa watu, naisahihisha. Wabunge wakitaka nifundishe vizuri, wanilipe niweze kuishi. Aprili nakwenda kuwaambia hukohuko bungeni, Oklahoma City. Wewe vuka, ukipenda."

Akakata. Kisha akalia, maana alimpenda yule mjinga, tena sana.

Aprili, mbele ya bunge la jimbo, fulana nyekundu za walimu waliogoma zilifunika ngazi zote. Upepo wetu ule usio na adabu ulipeperusha mabango. Janelle alikuwa ameshakaukiwa na sauti kwa kupiga kelele alipomwona Clint anapenya umati, fulana yake nyekundu mpya, imembana tumboni.

"Umefuata nini? Texas wanalipa zaidi."

"Wanalipa. Nimewaambia hapana."

"Kwa ajili yangu? Usinibebeshe mzigo huo."

"Kwa ajili yangu mwenyewe. Hata mimi nimechoka kukimbizwa. Na kosa langu nalijua, Janelle. Sikukuuliza. Basi leo nauliza."

Akapiga goti palepale kwenye ngazi. Watu wakaanza kushangilia, simu zikainuliwa kupiga picha.

"Inuka!" Janelle akafoka.

"Bado sijasema..."

"Inuka, nimesema! Walimu tumepiga magoti mbele ya jengo hili miaka na miaka, tumepata nini? Ukinitaka, niombe umesimama."

Clint akainuka, akakung'uta suruali, akasimama wima, akamwomba. Akakubaliwa.