Kibao cha Fundi na Garimoshi la Kwenye Simu

Hadithi hii ni ya kweli tupu. Sijaitia chumvi hata chembe, na kama nimeongeza neno moja, basi masharubu yangu yote yanyonyoke kabla ya kesho asubuhi. Wapo watu mtaani wanaosema kwamba mzee huyu tangu astaafu amebaki na kazi moja tu, kutunga uongo. Waacheni waseme. Mdomo ni nyumba ya maneno.

Msichana mwenyewe alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na mtaa mzima ulimwita Kifungo, kwa sababu kila likizo alimsaidia mama yake kushona vifungo. Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa karakana, na siku za kuelekea kufungua shule kilijaa sare za wanafunzi hadi pa kukanyaga pakawa pa kutafuta. Mashati meupe yalining'inia kwenye kamba yamelegea, kama watu waliosimama foleni tangu alfajiri. Mama alikaa kwenye cherehani, mgongo umepinda, miguu ikisukuma pedali. Kifungo alikaa chini ya dirisha na kopo lake la vifungo. Hawakuzungumza sana. Mtu aliyechoka huweka akiba hata ya maneno.

Kwa kila shati Kifungo alipata ujira kidogo, na kazi ilipopungua mama alimkabidhi pesa zake zote mkononi.

"Jasho ni lako, na kuchagua ni kwako," mama alimwambia. "Ila kabla hujachagua, hebu vitazame viatu vyako vya shule."

Kifungo alivitazama. Vilikuwa vimeanza kufungua mdomo kwa mbele, kama vinavyotaka kusema jambo. Lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Katika simu ya mama kulikuwa na mchezo wa kujenga mji, ambao darasa zima liliucheza, na humo kulikuwa kunauzwa garimoshi jekundu. Tangazo lake lilisema, "Lako daima." Kifungo akajiambia kwamba viatu vitavumilia muhula mmoja zaidi, mradi gundi ipo. Akalipiga picha lile tangazo ili awaringishie wenzake.

Mchezo ukataka mtu mzima akubali masharti kwanza. Mama wakati huo alikuwa anapiga pindo kwa mkono. Akavua subana, kile kikofia cha chuma kinachokinga kidole na sindano, akabonyeza "Nakubali" bila kusoma hata mstari, akavaa subana yake, akaendelea na pindo. Pesa za vifungo zikaenda, garimoshi likaja. Tusimlaumu. Masharti yenyewe yalikuwa marefu kiasi kwamba aliyeyaandika alianza akiwa kijana na kumaliza akiwa na wajukuu.

Hiyo daima haikufika hata mwisho wa mwezi. Asubuhi moja Kifungo alifungua mchezo, akaona stesheni ipo, reli zipo, garimoshi halipo. Mahali pake palikuwa na ujumbe: magarimoshi yote yameondolewa, na kwa mujibu wa masharti uliyoyakubali, kampuni inaweza kuondoa kitu chochote, wakati wowote, bila kurudisha malipo. Chini yake wameandika, "Asante kwa kucheza nasi."

"Mama, wameniibia."

"Kina nani?"

"Wenye mchezo. Garimoshi langu wameliondoa, na pesa hawarudishi."

Mama hakuinua macho. "Masharti si niliyakubali mimi?"

"Uliyakubali bila kuyasoma."

"Aliyekubali amekubali, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Hebu nipe uzi mweupe."

Kifungo akampa uzi. Hakulia, maana kulia nako ni kazi, na mikono yake ilikuwa imechoka. Aliviangalia tu viatu vyake pale mlangoni, vikiwa vimeachama.

Mchana huohuo aliingia nesi wa zahanati ya jirani, akitoka zamu, macho yamevimba kwa usingizi. Alitoa sare yake mpya kwenye mfuko akaitandaza mezani. Mshono wa ubavuni ulikuwa umeachia kutoka kwapani hadi kiunoni.

"Fundi, nimeivaa mara mbili tu. Nimeinua mkono nitundike dripu, ikaachia yote mbele ya wodi nzima. Kuna mzee alikuwa hasemi tangu juzi. Leo amecheka hadi ameomba chai."

Mama aliinua mkasi, akauelekeza ukutani. Pale palikuwa na kibao cha kadibodi, kimeandikwa kwa herufi kubwa: NGUO IKISHATOKA HAPA HAIRUDISHWI.

Kifungo aliinamisha kichwa kwenye kopo la vifungo. Yeye aliijua siri ya ule mshono. Mama alikuwa amenunua uzi wa bei nafuu uliokaa dukani hadi ukaoza, uzi ambao ulikatika ukiuvuta kwa vidole viwili tu. Mama mwenyewe aliuona ukikatika. Lakini kazi zilikuwa zimemlemea, duka la uzi mzuri liko mbali, na sare ya nesi ilitakiwa siku hiyohiyo. Akashonea huohuo.

"Kibao ni chako, fundi, lakini sheria ni ya wote," nesi alisema. "Kama kibao kingetosha, hata mimi ningetundika changu kule zahanati: akishadungwa sindano, marufuku kulalamika."

"Dada, nimechoka."

"Na mimi nimechoka. Ndiyo maana sigombani." Akaiacha sare pale mezani, akatoka.

Kifungo alimfuata hadi barazani. "Dada nesi, mtu akikataliwa hivi, anaenda wapi?"

"Ofisi ya kuwalinda walaji, nyuma ya soko. Na usidhani mlaji ni mwenye kula tu. Kila anayenunua kitu ni mlaji. Kwani unataka kumshtaki mama yako?"

"Hapana. Nataka kushtaki garimoshi."

Nesi alimtazama kidogo, akaona hana nguvu za kuuliza zaidi. "Haya. Lisalimie."

Tatizo lilikuwa moja. Simu ilikuwa ya mama, na aliyebonyeza ni mama, kwa hiyo mlalamikaji alipaswa kuwa mama. Kifungo alimbembeleza wakati wa kula, akambembeleza wakati wa kuosha vyombo. Mama akasema hana muda, akasema hana nguvu, akasema ofisi hizo ni za watu wenye vyeti. Kesho yake asubuhi alimkuta binti yake kapiga magoti mlangoni, anapaka gundi kwenye kiatu na kukikandamiza kwa tofali. Mama alisimama akamtazama. Kisha akafunika cherehani.

"Vaa twende. Tukikaa sana, narudi."

Ofisini walikaa sana. Ulikuwa ukumbi mwembamba wenye mabenchi, na feni iliyozunguka polepole kama inayolipwa kwa mzunguko. Watu walipakata pasi zilizoungua, redio zisizolia na viatu vilivyobanduka. Zamu yao ilipofika, mama alikuwa ameshasinzia begani mwa mwanawe. Ofisa alikuwa mama mmoja aliyepandisha miwani juu ya paji la uso.

"Shikamoo," Kifungo alisema.

"Marahaba, binti. Haya, kimeharibika nini?"

Kifungo akaeleza yote na kuonyesha ule ujumbe. Mama akaongeza kwa sauti ya chini, "Shida ni kwamba masharti niliyakubali mwenyewe. Labda tumekusumbua bure."

Ofisa alishusha miwani, akasoma, akaipandisha tena.

"Mama, masharti ni kama ua wa nyumba. Ndani ya ua wako panga utakavyo. Kampuni inaweza kumtoa mchezaji mdanganyifu, inaweza kubadilisha rangi za majumba yake. Hayo ni mambo ya ndani ya ua, na ukishakubali, yanakufunga. Lakini hakuna anayeruhusiwa kuusogeza ua wake hadi katikati ya barabara ya watu wote. Wakuuzie kitu kwa neno 'daima', wakichukue, na pesa wabaki nazo? Sheria yetu inakataa, hata ungebonyeza 'Nakubali' kwa vidole vyote kumi."

"Hata kama wameandika wazi?" mama aliuliza.

"Hata wangeandika kwa wino wa dhahabu. Muuzaji hawezi kujitungia kibao chake, kisha kibao kikafuta sheria."

Mama alikohoa. Kifungo alikazia macho sakafu, akaanza kuhesabu nyufa.

"Wako wengi," ofisa aliendelea, akiandika. "Wauza pasi, wauza simu, mafundi..."

"Na mafundi pia?"

"Hao ndio usiseme, mama yangu. Binti, una ushahidi kwamba walisema 'daima'?"

Kifungo akatoa ile picha ya kuringishia. Ofisa akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii ndiyo itakayosema kwa niaba yenu."

Walirudi kwa miguu, polepole. Mama alitembea akitazama mbele.

"Sema tu," alisema mwishowe. "Umelimeza neno tangu kule ofisini, litakupalia."

"Sina neno, mama."

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Haya, nimekusemea."

Walipofika nyumbani, mama hata maji hakunywa. Aliutupa uzi mbovu jaani, akaenda hadi duka la mbali akaleta uzi mzuri, akaifumua sare ya nesi na kuishona upya mishono miwili miwili. Kibao akakiteremsha, akakikunja, akakisukuma chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukiyumba. Alikuwa bado ameinama pale chini simu ilipolia. Kampuni ilikuwa imerudisha pesa zote na kuomba radhi, na jioni hiyohiyo Kifungo akanunua viatu.

Nesi alipokuja kuchukua sare yake, mama alimwomba radhi bila kuzunguka. "Uzi ulikuwa mbovu, dada, na nilijua." Kisha akamgeukia Kifungo. "Na wewe sikia, mwanangu. Soma kabla ya kukubali. Kosa langu lilianzia pale. Lakini ukishakubali jambo lisilo la haki, usikae ukidhani umefungwa mikono. Uliza, maana juu ya maandishi ya muuzaji ipo sheria. Na sisi tunaouza, tusimwandikie mwenzetu ukutani neno ambalo tungelia kama tungeandikiwa sisi."

Hapo ndipo nilipotaka kukomea. Lakini nilifanya kosa la kumpelekea Kifungo karatasi hizi azisome kabla yenu. Alisoma hadi mwisho, akachomeka sindano kwenye kitambaa.

"Babu, hapa umedanganya."

"Wapi tena, mjukuu wangu?"

"Simu haikulia siku ile. Kampuni ilipojibu mara ya kwanza, ilitutumia masharti yaleyale. Tulirudi ofisini mara nyingi, na kila tukienda mama anapoteza siku ya kazi. Shule ilifunguliwa nikaenda na viatu vya gundi. Pesa zilikuja muhula umefika katikati."

"Nilifupisha. Hadithi ikirefuka, wasomaji husinzia."

"Wasinzie, wakiamka wataendelea. Lakini ukiwaambia haki inafika jioni ileile, siku wakiidai wasipojibiwa jioni, si watakata tamaa na kurudi nyumbani? Sisi tulikaribia kukata tamaa. Mama alisema basi, mimi nikasema twende tena. Safari nyingine mimi nikasema basi, naye akasema twende."

Nesi, aliyekuwa amekuja kupimwa sare nyingine, akasema kwa uchovu wake wa kila siku kwamba mzee akishikwa na uongo hulipa faini, na faini ya mtaa huu ni soda. Mama mtu akaunga mkono bila kuinua macho kwenye cherehani. Basi nikajikokota hadi dukani na magoti yangu haya, nikanunua soda tatu, nikarudi nazo.

Kifungo alinishukuru kwa heshima zote. Kisha akaigeuza chupa yake taratibu, akasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, ndipo akaifungua.