Plagi Yenye Meno Pande Mbili

Kinyozi wetu alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ukikaa kwenye kiti chake utanyolewa vizuri, hilo halina ubishi, lakini lazima ufundishwe. Atakufundisha mpira, dawa ya mafua na namna ya kuishi na mke. Wateja walimwita Profesa. Wao walikuwa wanamtania, mwenzao akadhani anasifiwa.

Kazi yake aliifanyia ndani ya tela. Lilikuwa tela la bati lililofungwa pande zote, kama chumba kidogo chenye magurudumu. Asubuhi alilivuta kwa gari lake hadi sokoni. Jioni alilirudisha uani kwake, na wateja wa mtaani wakamfuata hapo hapo. Shida ilikuwa umeme. Mashine ilizima katikati ya kichwa cha mtu. Mteja mmoja aliondoka amenyolewa upande mmoja tu, akashinda na kofia kazini siku nzima.

"Mwite Mama Waya," mkewe alimwambia. Mama Waya alikuwa jirani yao, fundi umeme, na shoga wa huyo mke.

"Mama Waya wa nini? Umeme una mambo mawili tu. Unaingia, unatoka."

"Na ukikosea?"

"Mke wangu, mimi ndiye nakwambia."

Haya! Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kinyozi akachukua betri kuukuu ya gari, akaisukuma chini ya kiti cha wateja. Hiyo ni ya sokoni. Kwa umeme wa nyumbani, akafunga soketi ya kawaida ubavuni mwa tela, akavuta waya kutoka sebuleni. Hapo akakwama kidogo. Soketi ya sebuleni ina matundu, na soketi ya tela ina matundu. Basi akafunga plagi yenye meno upande huu wa waya, na plagi nyingine yenye meno upande ule. Akachomeka huku, akachomeka kule. Taa zikawaka. Akajipigia makofi.

Sasa wewe unayesoma, simama kidogo hapa. Upande mmoja wa waya ule ukiwa umechomekwa sebuleni, meno ya upande wa pili yana nini? Yana umeme, tena yako wazi. Anayeyagusa ameugusa umeme wenyewe. Profesa hakujiuliza hilo.

Siku hizo mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa nao, kumsaidia binti yake kulea mtoto mchanga. Alikuwa mama asiyeweza kukaa bure. Alasiri moja kinyozi alichomoa waya upande wa tela, akasahau kuuchomoa sebuleni. Akauacha umelala chini. Mama mkwe akauona, akainama auokote aukunje.

Ukasikika ukelele mmoja tu. Mkono wake ulikuwa umekakamaa kwenye plagi. Kinyozi akakurupuka kwenda kumvuta.

"Usimguse!" mkewe alipiga kelele. "Mtakufa wote! Zima kwanza!"

Mkewe mwenyewe akakimbilia swichi kubwa ya nyumba, akaizima. Ndipo wakamshika mama. Vidole viwili vilikuwa vimeungua. Wakamkimbiza hospitali. Daktari akasema moyo uko sawa, ila abaki hapo wamwangalie.

Kinyozi aliposogea kitandani, mama mkwe ndiye aliyeanza kuomba radhi.

"Mwanangu, nisamehe. Nimekuharibia kazi yako. Sijui niligusa wapi. Ni macho yangu haya ya uzee."

Hapo ndipo angesema kwamba kosa ni la waya wake. Njia ilikuwa wazi. Lakini alimwona mkewe pembeni, akamwona na muuguzi, akafikiri wateja watasema nini. Akajibu, "Pole, mama. Ila siku nyingine uwe unaangalia unachokishika."

Jamani, aibu! Maneno yalipomtoka tu, uso ulimchoma. Tangu hapo hakuweza kumtazama mama mkwe machoni. Nyumbani alimwona akila kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia umefungwa bendeji. Na hata bendeji ilipofunguliwa, mama hakushika tena sufuria ya moto. Mjukuu akilia, alisimama kando, mikono nyuma.

"Mbebeni ninyi," alisema. "Mimi sioni vizuri, nitamwangusha."

Wateja walimuuliza kinyozi, "Profesa, mama vipi?" Akacheka kicheko kikavu, akasema, "Wazee bwana, hawasikii." Akajichukia. Siku hizo aliwanyoa watu kimya kimya, mpaka wakadhani anaumwa.

Mkewe hakungoja ruhusa. Alimwita Mama Waya. Fundi huyo aliingia kwenye tela na tochi yake, na kelele zake zikasikika hadi barabarani.

"Shemeji! Hii betri umeificha au umeitega? Haina fyuzi! Haina kifuniko! Mteja angeukalia moto! Na huo waya uko wapi?"

Kinyozi akautoa polepole. Mama Waya akaushika, akatazama upande mmoja, akatazama upande wa pili. Sauti yake ikashuka.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Ndiyo."

"Basi mama hakukosea kitu. Hata mimi ningeuokota." Akatoa koleo, akaikata plagi moja. "Mama anajua?"

Kinyozi aliinamisha kichwa. Mkewe alikuwa mlangoni na alisikia yote. Alimtazama, kisha akaingia ndani. Afadhali angemtukana.

"Tela nitalitengeneza," alisema Mama Waya. "Hilo lingine ni lako. Shika tochi."

Kinyozi akashika tochi. Akauliza, tena bila haya.

"Sasa umeme utaingiaje?"

"Shika hili moja: upande unaoleta umeme una matundu. Upande unaopokea una meno." Akafunga ubavuni mwa tela kiingilio chenye meno, yamezama ndani ya kikombe chenye kifuniko. Mwisho wa waya mpya ulikuwa na matundu. "Sasa hata ukiuokota, vidole haviufikii umeme. Anza kuchomeka kwenye tela, malizia nyumbani. Kutoa, anza nyumbani. Na waya uwe mnene, wa kutumika nje. Usiutumie ukiwa umekunjwa, utapata joto uungue."

"Na hiki kiboksi ulichokifunga hapa ndani?"

"Ndani mna swichi inayojikata umeme ukivuja. Ina kitufe cha kuijaribia. Kibonyeze kila mwezi. Isipokata, usitumie, niite. Na huu waya wa kijani na njano unaunganisha bati la tela na waya wa ardhi wa nyumba, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Usiukate hata kwa mzaha."

Betri kuukuu aliitoa. Akaweka betri iliyotengenezwa kutumika polepole na kuchajiwa mara nyingi, akaifunga kwa mkanda ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa. Fyuzi akaiweka karibu kabisa na betri. Akaweka chaja, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uendeshe mashine. Mwisho akafunga swichi ya kuchagua.

"Umeme wa nyumba au wa betri. Kimoja tu. Vikikutana, utaniita kuzima moto."

Tela likawa tela. Mashine hazikuzima tena katikati ya kichwa. Wateja wakafurahi. Kinyozi hakufurahi.

Jioni moja mama mkwe alikuwa akivuka ua. Alipita mbali na tela, akiambaa na ukuta kama mtu anayeogopa mbwa. Kinyozi alishindwa kuvumilia. Alizima mashine, akamwacha mteja kitini, akatoka.

"Mama. Ule waya niliukosea mimi. Niliutengeneza vibaya, na nilijua tangu hospitali. Wewe hukukosea kitu."

Mama mkwe alisimama. Mteja alichungulia dirishani, kichwa kimenyolewa nusu. Kinyozi alimwona, akamwacha asikie.

"Kwa hiyo macho yangu ni mazima?"

"Ni mazima, mama."

"Nimejiona nimekwisha," mama alisema taratibu. "Nimeogopa kumbeba mtoto wa binti yangu. Umeme ulinishika mara moja, ukaniachia. Neno lako halijaniachia mpaka leo."

Machozi yalimtoka kinyozi mbele ya watu. Akapiga magoti. "Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Si leo." Akaitazama mikono yake miwili, akaigeuza. Kisha akainyoosha mbele. "Inuka. Niletee mjukuu wangu."

Kinyozi akainuka, akaenda kumleta.