Gari Refu la Kinyozi

Sogeeni karibu, ndugu zangu, niwasimulie yaliyoikuta nyumba moja iliyojaa upendo. Upendo nautaja mapema kwa makusudi. Tumezoea kudhani kwamba maumivu ya nyumbani huletwa na watu wasiopendana. Hawa walipendana sana, na bado waliumizana.

Asubuhi ya Jumamosi moja, Bi Mkubwa alikuwa ameketi barazani akibinya soksi iliyokunjwa kama mpira. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea tangu alipopatwa na kiharusi, na goti la upande ule lilikuwa gumu kukunjika. Mkwe wake, mwalimu wa chekechea, alikuwa amechuchumaa mbele yake akimhesabia kwa sauti ileile ya darasani.

"Tatu... nne... hodari kabisa! Tano..."

"Mkwe wangu, nikimaliza utanichorea nyota?"

"Nitakuchorea mbili, mama, na ya tatu kwa kutolia."

Mwanawe Bi Mkubwa, ambaye alikuwa kinyozi, alikuwa akipiga mswaki karibu na mlango. Alicheka mpaka povu likamtoka mdomoni. Alimtazama mama yake akibinya soksi, naye akatulia moyoni. Mtaalamu wa viungo alikuwa amewaambia kwamba mkono ungerudi, ilimradi mgonjwa asikose mazoezi kwenye kituo cha tiba ya viungo, mara mbili kila wiki. Shida ilikuwa namna ya kumfikisha. Leo waliazima gari kwa jirani, kesho walikodi, keshokutwa walikosa kabisa. Ndipo wakakata shauri kununua gari la mitumba. Dereva angekuwa Mwalimu, kwa kuwa yeye alitoka kazini mchana, wakati mumewe alishikwa na vichwa vya watu hadi jioni.

"Mimi nataka gari dogo," Mwalimu alimwambia mumewe. "Mlango wake ufunguke sana. Kiti kiwe usawa wa nyonga za mama, akalie tu kisha azungushe miguu. Na mimi mwenyewe, unaniona nilivyo mfupi, niweze kuona barabara. Tukalitazame pamoja."

"Usijali, mke wangu. Hilo niachie mimi."

Ndugu zangu, jihadharini na neno hilo, "niachie mimi". Linatamkwa kwa mapenzi, lakini mara nyingi humfunga mwenzako mdomo.

Kinyozi alikuwa na mteja wake mmoja, dalali wa magari, mtu mwenye maneno laini kama mafuta ya nywele. Siku moja alipomaliza kunyolewa, dalali alimchukua hadi kwenye uwanja wa magari. Pale mbele palikuwa na gari dogo la kijivu. Halikuwa na mbwembwe, milango yake ilikuwa mipana, na kiti chake kilikuwa usawa wa kiuno. Kinyozi alilizunguka. Alijua moyoni kwamba ndilo mke wake alilolieleza. Kisha akainua macho, akaliona lile jingine.

Lilikuwa jeusi, refu, limeng'arishwa hadi alijiona ndani yake kama kwenye kioo cha dukani kwake. Magurudumu yalimfika kiunoni.

"Kaka, hili likiingia mtaani kwenu hata mbwa watanyamaza," alisema dalali. "Wewe ni mtu wa heshima zako. Utashukaje kutoka kwenye kile kikopo cha kijivu mbele ya wateja?"

"Mama yangu ana shida ya goti."

"Atazoea! Nani asiyezoea kukaa juu?"

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na gari lile lilikuwa likitembezwa kwa mdomo wa dalali. Lakini kinyozi hakuwa anamsikia dalali tena. Alikuwa anawasikia wateja wake, wale wanaongoja zamu kwenye benchi, wakiulizana nje pameegeshwa gari la nani. Hakumpigia mkewe simu. Hakumleta fundi akague chini. Akiba yote ya nyumba ikaishia pale.

Alipofika nyumbani akipiga honi, majirani walitoka kwa vigelegele. Mwalimu alisimama kando ya gari, na kichwa chake kikakomea chini ya kioo cha dirisha. Bi Mkubwa aliinua uso taratibu, kama mtu anayetazama ndege.

"Mwanangu, hili ni gari au ghorofa?"

Watu walicheka, na kinyozi akacheka kuliko wote. Alidhani amesifiwa.

Siku ya kituo ilipofika, waliweka kigoda. Mwalimu akavuta kutoka ndani, kinyozi akasukuma kutoka nyuma, na jirani mmoja akaja kushika mguu uliobaki ukining'inia. Kila mtu alikuwa na neno la kuelekeza. "Mwinueni! Geuzeni! Sukuma tena!" Bi Mkubwa alipokaa kitini hatimaye, kanga yake ilikuwa imepanda magotini na uso ameuinamisha. Mwalimu aliendesha akiwa amekalia mito miwili, shingo imerefuka kama ya twiga, na wakati wa kurudi akakwangua nguzo ya geti ambayo hakuiona kabisa. Isitoshe, gari lenyewe lilikunywa mafuta kama lina kiu ya miaka, na kifaa kilipoharibika kilisakwa mji mzima.

Wiki iliyofuata Bi Mkubwa akasema, "Leo najisikia vizuri. Msihangaike kunipeleka."

Wiki nyingine akasema amechoka. Nyingine akasema mazoezi ya soksi yanatosha. Mwalimu alimbembeleza bila mafanikio, akamgeukia mumewe.

"Mama anatuficha jambo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Umewahi kujiuliza anajisikiaje tunapompandisha vile?"

"Mama ni mkweli. Akisema ni mzima, ni mzima."

Akachukua funguo, akaenda na gari kazini. Kwa nini liozee nyumbani? Aliliegesha mbele ya duka lake la kunyolea, na kila mteja mpya alipouliza ni la nani, mkasi wake ulilia kwa furaha. Nyumbani, miezi ikipita, vidole vya mkono mgonjwa wa mama yake vilianza kujikunja na kukaza. Alikuwa akimwona kila siku, lakini hakumtazama.

Basi mchana mmoja, Mwalimu akiwa bado shuleni, kinyozi alirudi na gari kufuata wembe aliousahau. Akaingia ndani kuutafuta. Bi Mkubwa aliliona gari uani, mlango wa abiria haujafungwa vizuri. Mwenyewe akajiambia ajaribu. Kama angejifunza kupanda peke yake, wasingemsukuma tena, na mwanawe asingejua kwamba gari lake lina kasoro. Akasogeza kigoda. Akaweka mguu mzima juu, akashika mlango kwa mkono wa kushoto. Mlango ukazunguka.

Kinyozi alisikia kishindo. Alipotoka, mama yake alikuwa chini, kigoda kimepinduka, naye anavuta kanga kujifunika magoti.

"Nimeteleza tu, mwanangu. Usiwaite watu."

Hospitalini waliambiwa kwamba mfupa haukuvunjika, ila nyonga imeteguka. Kinyozi alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia wa mama yake uko kwenye viganja vyake. Ndipo alipouhisi ulivyokakamaa.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Bi Mkubwa alimgeukia. "Ulilifurahia sana. Tangu baba yako afariki sijakuona umefurahi vile. Ningesemaje kwamba halinifai?"

"Ungesema tu, mama."

"Nimekuzaa, nimekubeba mgongoni, nimekuosha. Sasa unanisukuma makalio mbele ya majirani kama gunia la mkaa linalopandishwa lorini! Mwanangu, hata gunia lingeona haya."

Kinyozi alitaka kucheka, lakini kicheko kikageuka kilio. Alilia kama mtoto, na mama yake akampapasa kichwa kwa ule mkono wa kushoto. Mwalimu aliyekuwa amesimama mlangoni akaingia, akakaa upande wa pili. Hakusema "nilikwambia". Mumewe ndiye aliyesema.

"Uliniambia, mke wangu. Niliwasikiliza watu wa benchi."

Gari refu walimuuzia tena dalali kwa hasara, naye hakusita kuzitaja kasoro zake zote siku ya kulirudisha. Bi Mkubwa alipoweza kusimama tena, walikwenda uwanjani wote watatu, pamoja na fundi. Alipita kati ya magari na mkongojo wake kama mkaguzi. Alikalia moja, akasema linamzamisha kama shimo. Akakalia lingine, goti likagonga mbele.

"Hili hapa lina redio kali sana, mama," dalali alijaribu.

"Redio tunayo nyumbani, baba. Lete lenye mlango."

Gari dogo la kijivu lilikuwa limeshapata mwenyewe. Walipata jingine la rangi ya vumbi, lenye kovu ubavuni. Bi Mkubwa alikalia kiti, akazungusha miguu, akawa ndani. Hakuna aliyemgusa. Akatoka, akaingia tena, akatoka tena, anacheka peke yake. Mwalimu akaliendesha kuzunguka uwanja bila mto hata mmoja. Fundi waliyekuja naye akalala chini akalikagua, akasema vipuri vyake vinapatikana kila duka. Kinyozi alikuwa wa mwisho kuulizwa.

"Mimi si dereva wala si abiria," alijibu. "Mimi nasukuma likizimika."

Kinyozini walimtania. Wengine walisema ameshuka daraja. Aliwanyoa tu.

Lakini sitawadanganya, ndugu zangu. Miezi iliyopotea haikurudi yote. Bi Mkubwa sasa anatembea mpaka kwa jirani na kurudi, ila vidole vya mkono wa kulia vilikataa kunyooka kabisa. Hawezi kufunga kifungo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kufungua duka, mwanawe humpigia magoti na kumfunga vifungo vya gauni, kimoja kimoja, na mama humwambia asikaze sana shingoni, yeye si mteja.

Funzo

Tusinunue kitu kwa macho ya watu watakaokitazama. Tununue kwa mwili na haja ya yule atakayekitumia. Gari jema kwa nyumba yako ni lile ambalo dereva analimudu, abiria analiingia kwa heshima yake, na mfuko wako unaliweza leo na kesho. Kabla hujalipa, waulize watakaolipanda, uwalete walikalie. Na mzee wako akikuambia "najisikia vizuri", usifurahi upesi. Kaa naye, umshike mkono, umuulize tena.