Ndizi za Nguruwe wa Nowai

Garmai anauza ndizi katika soko la Gbarnga. Kila asubuhi anazipanga mafungu mafungu juu ya meza. Za njano zinakaa mbele. Zile zilizoanza kuwa nyeusi anazitia kwenye ndoo chini ya meza. Jioni anaibeba ndoo hiyo hadi kwa wifi yake, Nowai, dada wa mumewe. Nowai anafuga nguruwe mmoja. Nimeishi mtaa huu miaka thelathini, na sijapata kuona nguruwe mnene kama yule.

Marehemu mama yake Garmai alikuwa fundi wa mkate wa mchele. Huo ndio mkate wetu wa sikukuu. Hauna ngano. Una unga wa mchele, ndizi, mafuta na tangawizi. Wa yule mama ulikuwa laini, wenye unyevu, nao uliacha mafuta kidogo vidoleni. Kila tarehe ishirini na sita Julai, siku ya uhuru, wanawake wa mtaa huleta vyombo vyao kwenye meza moja. Sufuria ya yule mama ilikuwa ya kwanza kuisha. Alipofariki, Garmai alirithi sufuria, na kazi ya mkate pia.

Mwaka jana alioka. Niseme kweli: nilitia kipande mdomoni, nikakitoa kwa siri. Chini kilikuwa kimeungua. Katikati kilikuwa kikavu, kama mchanga.

"Wifi," Nowai alisema mbele ya watu wote, "kwani mama yako alizikwa na mkono wake?"

Watu walicheka. Sufuria ilirudi nyumbani imejaa. Mulbah, mume wa Garmai, aliula mkate ule siku nne, peke yake, akiusukuma kwa maji. Hakulalamika hata mara moja. Garmai alimtazama akila. Jambo hilo lilimuumiza kuliko kicheko cha Nowai.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya sikukuu, alikwenda kwa jirani yake, Mama Kebbeh, mpishi wa shule.

"Mama, nisaidie. Sitaki kuaibika tena. Nataka sufuria ya mama irudi tupu."

"Mwaka jana ulitumia ndizi gani?"

"Nzuri! Nilichagua za njano, ngumu, zisizo na doa hata moja. Mama alikuwa akisema, mkate unataka ndizi iliyo tayari."

Mama Kebbeh alipiga makofi. "Ehe! Hapo ndipo ulipopotea. Tayari kuuzwa na tayari kuokwa ni vitu viwili, mwanangu. Ndizi ya njano bado ngumu. Acha ganda liwe jeusi. Ndani inalegea, utamu unaongezeka, ukiiponda inakuwa uji. Unyevu wa mkate unatoka hapo."

"Nyeusi? Niwape watu ndizi zilizooza?"

"Nani kasema zimeoza? Iliyooza ina ukungu, au inanuka uchachu. Hiyo tupa. Iliyoiva sana inanukia tamu. Kwani nyeusi zako huwa unazipeleka wapi?"

Garmai alitazama chini. "Kwa nguruwe wa wifi."

Mama Kebbeh alicheka mpaka akashika ukuta. "Mungu wangu! Kumbe nguruwe wa Nowai ndiye anayekula mkate wa mama yako!"

Tangu siku ile ndoo haikwenda kwa Nowai. Siku ya tatu Nowai alikuja mwenyewe.

"Wifi, mbona kimya? Nguruwe wangu analia."

"Mpe pole," Garmai alijibu. "Mwambie kuna sikukuu."

Tarehe ishirini na tano mchana, Mama Kebbeh alikuja kusimamia. Garmai alikuwa ameloweka mchele na kuuchuja. Akautwanga kwenye kinu, akauchekecha.

"Basi, umetosha," alisema.

"Haujatosha. Zile chenga zirudishe kinuni, uchekeche tena. Mchanga wa mwaka jana ulitoka hapa."

Garmai akatwanga tena. Kisha akamenya ndizi kumi nyeusi, akaziponda mpaka zikawa uji. Akatia mafuta, sukari kidogo, tangawizi, kungumanga na chumvi. Akachanganya na unga ndani ya sufuria ya mama yake. Akainua sufuria aipeleke jikoni.

"Wapi na haraka hiyo?" Mama Kebbeh akamzuia. "Iache nusu saa. Unga wa mchele una kiu. Uache unywe maji ya ndizi. Magadi soda utatia mwisho, kijiko kimoja kidogo."

Ikaja zamu ya moto. Garmai alianza kujaza makaa chini ya sufuria.

"Punguza! Machache chini, mengi juu ya kifuniko. Ukijaza chini, unaunguza."

Baada ya muda Garmai alichomeka kijiti katikati ya mkate. Kilitoka bila rojo.

"Niuache kidogo, uive vizuri?"

"Epua sasa hivi. Ukiungoja, unaukausha. Ufunike kwa kitambaa safi, na usiukate mpaka upoe."

Kesho yake Nowai ndiye aliyekata kipande cha kwanza. Tulijua sote kwamba alitaka kutuchekesha. Akatafuna. Akakata cha pili, kikubwa zaidi.

"Wifi, nani kakuokea?"

"Nimeoka mwenyewe," Garmai alisema, na safari hii sauti ilisikika mpaka barabarani. "Kwa ndizi za nguruwe wako!"

Tulicheka, na Nowai akacheka mdomo ukiwa umejaa. Mimi nilikula vipande vitatu, na sikutoa hata kimoja kwa siri. Garmai alisimama kando ya meza, kichwa juu. Nilijivunia mtoto yule kama niliyemzaa mimi.

Mulbah alikuwa akibeba mabenchi. Alipofika mezani, sufuria ilikuwa imekombwa.

"Mke wangu, na mimi je?"

"Wewe si ulikula wa mwaka jana?"

Mulbah alimtazama mkewe. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa sufuria, akakilamba, akafumba macho. Kisha akajitwika sufuria tupu kichwani. Nyumba yao iko karibu, hatua chache tu. Lakini siku hiyo alizunguka mtaa mzima, akapita nayo mbele ya kila mlango, ndipo akaifikisha nyumbani.