Gogo la Mgomba la Mukhisa

Kwa watu wanaokaa chini ya Masaba, yaani Mlima Elgon, kumfuata marehemu mlimani kulikuwa kazi ya kawaida. Mlima ukimla mtu na mwili usipatikane, huzikwa gogo la mgomba mahali pake, na mkewe ndiye huenda nalo mpaka alikofia, akamwita, akambeba mgongoni kumrudisha nyumbani. Sharti afike huko ng'ombe wakiingia zizini. Kwa hiyo jua lilipoanza kuinamia upande wa Uganda, Nasimiyu alilifunga gogo ndani ya koti la mumewe, Mukhisa, akapanda.

Mteremko wenyewe, juu ya Kapsokwony, haukuwa na sifa nzuri. Wazee walikumbuka uliposhuka mara ya kwanza, kabla reli haijafika Kitale, ukafunika boma zima na watu wake. Baadaye wakaja wapasua mbao, wakaangusha miti yote ya podo iliyokuwa imeshika udongo chini ya kilele, wakaenda zao. Tangu hapo kila masika watu walilala na nguo zao, tayari kukimbia. Siku ya soko iliyopita, baada ya mvua ya mawe, kilele kikaachia tena. Mukhisa alikuwa huko juu, amepeleka ng'ombe wake mmoja pangoni akalambe chumvi iliyo kwenye kuta za mwamba. Wanaume walichimba mpaka matope yakaanza kutembea chini ya miguu yao. Wakatupa majembe, wakakimbia.

Mama mkwe wake, Sellah, alikuwa amemsindikiza mpaka mtoni.

"Utamwita jina mara tatu," alimnong'oneza. "Halafu funga mdomo. Usikie nini, usikie nani, usiitike mpaka uingie kwa nyumba. Ukiitika, huyo umebeba atashuka, na kitu ingine itapanda."

Sasa Nasimiyu alisimama peke yake kwenye ukingo wa matope. Palinuka udongo mbichi na majani yaliyopondwa. Hata vyura walikuwa kimya.

"Mukhisa!"

Akasogea hatua moja.

"Mukhisa!"

Jiwe dogo likabingirika mahali fulani... likatulia.

"Mukhisa!"

Akajitweka gogo mgongoni, akageuka aondoke.

"Nasimiyu..."

Sauti ilitoka chini. Chini kabisa, ndani ya mlima.

"Nasimiyu, niko huku ndani. Niko na ng'ombe. Ita watu, bana."

Hiyo "bana" ilikuwa yake Mukhisa, mtu aliyeiweka hata katikati ya sala. Nasimiyu alimpenda mwanamume yule bila aibu, na majirani walimcheka kwa hilo. Kama ni yeye, yuko hai, na neno moja tu lingemwonyesha kwamba amesikiwa. Kama si yeye... Akafungua mdomo.

Gogo likajisogeza mgongoni, kama mtoto anayejiweka sawa.

Alikimbia. Miiba ilimchana miguu, koti likamkaba shingo, na kila alipopiga hatua mzigo ulizidi kuwa mzito. Nyuma yake sauti iliendelea kumwita, kwanza kwa hasira, kisha kwa kubembeleza, kisha ikawa pumzi tu.

"Si uitike tu... mke wangu..."

Hakuitika.

Walilizika gogo kesho yake asubuhi, na mwalimu wa kanisa akajifanya anatazama mawingu, asionekane kuibariki mila ile. Watu walipoondoka, Nasimiyu alimvuta Sellah pembeni.

"Mama, aliniita."

"Baba yake pia aliniita mimi, mlima ulipomla," alisema Sellah.

"Ukafanya nini?"

Mama mkwe aliinama akachochea moto wa matanga mpaka cheche zikaruka.

Mvua zilipokatika akaja Kipketer, jirani aliyelisha mifugo karibu na kilele. Alikataa kuketi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ameliona lile pango. Matope yalikuwa yameziba mlango, lakini yalikuwa yamechimbwa kutoka ndani, kwa mikono. Ndani mlikuwa na jivu na ng'ombe aliyechunwa, ameliwa nusu.

Nasimiyu akashika nguzo ya mlango. "Basi alikuwa mzima."

"Ngoja, mama. Kuna nyayo zimetoka hapo. Za watu wawili."

"Alikuwa peke yake!"

"Najua. Moja imepanda kwa kilele. Ingine imeshuka huku kwenu." Alimeza mate. "Na zote mbili hazina kidole kidogo cha mguu wa kushoto."

Mukhisa alikatwa kidole hicho na shoka, akifanya kazi kwa mzungu huko Kitale.

Jioni ile ile mtu akakohoa uani. Alikuwa amekonda, kucha zimeisha, matope yamemkauka mpaka kwenye kope. Khaemba, kaka mkubwa wa Mukhisa, alishika mkuki akapiga kelele kwamba huyu wamemzika na hawezi kuingia. Sellah aliingia nyumbani kwake akafunga mlango.

"Acha, shemeji," alisema Nasimiyu. "Mimi nilimnyima jibu mara moja. Sitamnyima tena."

Akamfungulia. Akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko hofu. Mukhisa alikula, akalala, akapona. Alilima vizuri kuliko zamani. Hakuuliza kwa nini hakuitikiwa siku ile, na Nasimiyu alishukuru kwa hilo, ingawa mara nyingine kimya chake kilimtia baridi.

Kisha masika yakarudi. Asubuhi ya mvua ya kwanza walikuwa wameketi karibu na moto wakiambua maharagwe, wakichekeana. Huko juu kilele kikanguruma.

"Nasimiyu..."

Sauti ilikuja na mvua, kutoka mbali, kutoka juu kabisa. Ilikuwa ya Mukhisa. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Mikono ya mwanamume aliyeketi mbele yake ilisimama.

"Huyo si mimi," alisema kwa upole. "Mimi niko hapa."

Nasimiyu aliutazama uso ule aliouosha kwa mikono yake. Macho yalikuwa yale yale, na kovu la kidevuni lilikuwa mahali pake. Huko juu sauti iliita tena, dhaifu zaidi. Alijiziba mdomo kwa kiganja kilichojaa maganda ya maharagwe, akalia, asijue kama anayemwacha afe huko juu ndiye Mukhisa, au ni kile kitu kingine.