Maneno Arobaini ya Dobi

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na chumba cha kufulia nguo za watu. Mume alifua, mke alipiga pasi. Mtaa mzima ulimwita mume Dobi. Mikono yake ilikuwa hodari, na mdomo wake ulikuwa hodari zaidi.

Siku moja binti yao alirudi kutoka shuleni na mchezo mpya.

"Baba, taja neno la Kiingereza lenye herufi tano. Ndani yake lazima kuwe na A na E."

Dobi alikuna kichwa. Yeye aliacha shule darasa la nne. Akatazama beseni lake.

"Water!" alisema. Akahesabu herufi kwa vidole vyenye povu. Zilikuwa tano kweli.

"Umepata! Na maana yake?"

"Maji. Dobi asijue maji?"

Basi hamu ikamshika. Kila akipumzika, alifungua kamusi ya binti yake na kuwinda maneno ya herufi tano yenye A na E. Clean. Steam. Bread. Ocean. Aliyaandika ukutani kwa chaki. Hilo la ocean lilimpendeza sana mdomoni, akalirudia huku akikamua mashuka.

"Mbona huandiki maana?" mkewe aliuliza.

"Kwanza nikusanye, mama watoto. Haba na haba hujaza kibaba. Maana itakuja yenyewe."

Wiki ilipoisha, ukuta ulikuwa na maneno arobaini. Dobi akajiona msomi.

Asubuhi iliyofuata, nesi anayekaa jirani alileta makoti yake meupe ya kazini. Waya wa kuanikia ulikuwa umeyatia madoa ya kutu. Siku hiyo Dobi alikuwa na dumu jipya la dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Kibandiko chake kilikuwa cha Kiingereza kitupu.

"Tumsubiri binti aje atusomee," mkewe alisema.

"Nisomewe nini, na maneno arobaini ninayo ukutani?"

Akainama juu ya dumu. "Clean... water... Umeona? Safi, maji. Mambo yako wazi."

Kulikuwa na maneno mengine pale. Lakini hayakuwa ya mchezo wake, kwa hiyo macho yake yaliyaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Alimimina dawa hiyo mpya kwenye beseni la maji. Kisha akaongeza dawa yake ya zamani ya kutoa kutu, ili amalize kazi kwa mpigo mmoja.

Harufu kali ikapanda. Macho yakawasha. Mkewe, aliyekuwa karibu na beseni, akaanza kukohoa na kushika kifua. Dobi alimshika mkono, wakakimbia nje.

Nesi alikuwa ndiyo kwanza amefika mlangoni pa nyumba yake ya jirani. Alikuja mbio, akamkalisha mke mahali penye upepo. Dobi akageuka ili akamwage beseni.

"Kaka, usirudi humo!" nesi alipiga kelele. "Hewa hiyo ni sumu. Acha mlango wazi, itoke yenyewe. Huyu tumpeleke zahanati sasa hivi."

Daktari alimpa mke dawa na kumweka kitandani hadi jioni. Dobi alikaa kwenye benchi la nje. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake.

Kesho yake mke alikuwa anapumua vizuri. Nesi alikuja kusoma kile kibandiko.

"Kinasema: tumia maji safi peke yake. Halafu hapa, never mix with acids. Never ni kamwe. Mix ni kuchanganya. Acids ni tindikali. Dawa yako ya kutu ina tindikali, kaka. Zikikutana hizi mbili, zinatoa hewa ya sumu."

"Hiyo never ina herufi ngapi?"

"Tano."

"Lakini haina A!" Dobi alilalamika.

Nesi nusura acheke. Mke hakucheka.

"Mimi sirudi chumbani humo," alisema. "Sirudi mpaka ujue unachomimina."

Maneno hayo yalimchoma Dobi. Akamgeukia nesi. "Dada, nifanyeje?"

"Hamu unayo, na hilo ni jambo jema. Ila neno bila maana ni debe tupu. Kila neno liandike na maana yake, kisha litungie sentensi ya kazi yako. Na kibandiko hakichaguliwi herufi. Kinasomwa chote, mwanzo hadi mwisho. Ukikwama kwenye neno moja, simama uulize."

"Na ocean ni nini?"

"Bahari."

"Ala! Wiki nzima nina bahari ukutani, wala sijui!"

Dobi alifuta ukuta, akanunua daftari. Akawa muulizaji. Alimwuliza binti yake, akamwuliza nesi, akawauliza wateja mpaka wengine wakaanza kupita njia nyingine ili kumkwepa. Mkewe alipigia pasi barazani, jua likimpiga mgongoni. Kutoka hapo alisikiliza kila swali.

Baada ya wiki tatu lilikuja dumu la sabuni mpya. Wateja watatu walikuwa wanasubiri. Dobi alisoma kwa sauti, neno baada ya neno, akieleza maana ya kila moja. Katikati ya mstari wa nne akanyamaza.

"Hili silijui," alisema mbele ya watu wote.

Akafunga kifuniko, akaandika neno lile, akaenda kwa nesi. Wateja walinung'unika. Aliporudi alikuwa na jozi mbili za mipira ya mikononi.

"Neno lile ni glavu," alimwambia mkewe. "Kibandiko kinataka tuvae glavu."

Mke alichukua jozi moja. Kisha akachomoa pasi yake.

"Fungua madirisha kwanza," alisema, akatangulia kuingia chumba cha kufulia.