Maswali ya Afisa Mikopo

Soko lilikuwa limefurika kijana mmoja alipojipenyeza kati ya vibanda, shati lake la buluu likanasa kwenye msumari, likachanika begani. Fundi cherehani mwenye kibanda akaangua kicheko.

"Simama hapo hapo, kaka. Ukilivua utazua mengine."

Akamshonea likiwa mwilini, pua yake karibu na shingo iliyonukia sabuni. Kumbe kijana alikuwa afisa mikopo wa shirika linalowakopesha wale wasiosikilizwa na benki.

"Mikono kama hii haifai kuazima cherehani ya jirani, dada. Njoo ofisini."

Akaenda. Wiki hiyo hiyo afisa akamtembelea nyumbani, begi la kazi begani.

"Una mume?"

"Sina."

"Ukiugua, nani atakusimamia?"

"Shangazi."

"Unafikiria kuhama mji huu?"

"Nihame niende wapi?" Fundi alijibu huku akilinyoosha gauni lake la njano.

"Huyo keshanasa," shangazi akasema afisa alipoaga. "Mwanamume haulizi hayo bure."

Simu zikaanza kila jioni, fundi wangu huku, fundi wangu kule, naye akanogewa. Mkopo ukatoka, kisha ukaja mkutano wa kikundi cha wakopaji alichoingizwa. Afisa akamgeukia bibi muuza mkaa. "Bibi, una mume? Ukiugua, nani atakusimamia?"

Masikio yalimwaka fundi kwa aibu. Kumbe yalikuwa maswali ya kazi! Na zile simu je? Au bibi wa mkaa naye alipigiwa? Hakujua ashike lipi.

Jioni simu ikaita. "Mbona umepoa, malkia?"

"Rejesho nitaleta kwa wakati, afisa."

"Nani kauliza rejesho?"

Fundi akakata simu.

Mkutano uliofuata alikuja afisa mwingine, mama wa miwani. "Mwenzangu kaomba mwenyewe kuondolewa kwenye kikundi chenu," akawaambia. Fundi alirudi kibandani akalia juu ya kitambaa cha mteja. Alimpenda yule kijana, na sasa alikuwa amekimbiwa.

Jumamosi kijana akatokea kibandani, hana begi.

"Umefuata nini?" fundi akamuuliza.

"Kwetu afisa haruhusiwi kumhudumia anayempenda. Ilibidi nimwambie bosi ukweli."

"Ulimwambia bosi unanipenda kabla ya kuniambia mimi?"



"Na bibi wa mkaa?" shangazi akadakia kutoka nyuma ya vitambaa.

"Bibi wa mkaa kafanyaje tena?"

Fundi hakujua acheke au amrushie mkasi. Akamvutia stuli. "Kaa. Una mke?"

"Sina."

"Ukiugua, nani atakusimamia?"

"Hapo ndipo nilipokwama."

"Unafikiria kuhama mji huu?"

"Labda uhame wewe."

"Nani atakudhamini?"

Kijana akamtupia shangazi jicho la kuomba msaada.

"Mimi simjui huyu," shangazi akasema, "mpaka nimsikie akimwambia mwenyewe, siyo bosi."

Kijana akamwambia fundi, kwa sauti ndogo, kichwa ameinamisha. Muuza vitunguu wa jirani akapiga makofi.

"Sijasikia," fundi akasema, akifuta machozi kwa pindo la gauni la mteja. "Rudia."